Vya Watu Anakoboa, Vyake Hakoboi

Ukimwona kinyozi ana nywele za mwaka mzima, utamtazama. Ukimwona mwenye bucha hali nyama, utamtazama mara mbili na nyama yake utaipindua pande zote. Sasa sisi huku Bujonde tulikuwa na mzee aliyekoboa mpunga wa kijiji kizima mpaka ukawa mweupe kama meno ya mtoto, na yeye mwenyewe akala wali wa rangi ya udongo. Watu walimsalimu tu, "Ugonile, Mzee," wakapita na ndoo zao. Aliyeuliza kwa sauti ni mimi. Niliuliza vibaya.

Jina lake silitaji. Wote tulimwita Mzee wa Mashine, na mashine yenyewe ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mimi na Bibi. Bibi ni mama wa mama yangu. Mimi niko kidato cha tatu, na kama kuna mtihani wa mdomo ningekuwa wa kwanza wilaya nzima. Hayo ni maneno ya Bibi, na hakuwa ananisifia.

Nianze na gambuti, maana hata mgeni angeanza hapo. Kyela mvua si habari. Inanyesha mpaka vyura wanaomba radhi. Kwa hiyo mtu kuvaa gambuti siyo kesi. Lakini yeye alizivaa mwezi wa kumi, ardhi imepasuka. Alizivaa harusini. Alizivaa kanisani, akapita nazo mbele kutoa sadaka, kwap, kwap, kwap, mchungaji akazisindikiza kwa macho kutoka benchi ya nyuma hadi kikapuni. Hakuna aliyewahi kuona mguu wake. Darasani nilikuwa na maelezo tayari: ana kwato. Nilivua kiatu kimoja, nikatembea kati ya madawati nikiburuta mguu na kukunja uso kama yeye, darasa likalala chini kwa kucheka. Mwalimu wa zamu alinichapa, lakini naye nilimwona anauma mdomo.

Mikono yake ilikuwa ya kuaminika kuliko miguu. Ukileta mpunga alichota punje chache, akazisugua viganjani, akapuliza, akaing'ata moja kwa jino la mbele.

"Haujakauka. Rudi kesho kutwa."

"Mzee, nina msiba nyumbani!"

"Msiba haukaushi mpunga. Nikiukoboa hivi utapata chenga tupu, halafu useme mashine yangu inang'ata."

Na kweli, asubuhi ya kesho kutwa ukirudi anakukoboa vizuri. Mara mbili, kama ilivyo desturi. Mara ya kwanza ganda linatoka, mara ya pili ule utando wa rangi unatoka, mchele unashuka unang'aa. Aliinua kiganja juani akautazama kama mtu anayetazama picha ya mwanawe aliyefaulu. Mchele wako unakwenda nao, pumba zinabaki kwake, ndiyo sheria ya mashine zote huku. Yeye pumba alilisha nguruwe wake wanne nyuma ya banda, nguruwe wanene mpaka wanakoroma wakiwa macho.

Halafu watu wakiisha, alilegeza skrubu ya mashine, akamimina mpunga wake mwenyewe, akaupitisha mara moja tu. Basi. Ukatoka na kahawia yake kama ulivyozaliwa. Alikuwa anauloweka asubuhi kwenye chungu cha Kikisi, vile ambavyo wanawake wa ufukweni huleta gulioni, na saa sita anaupika pamoja na choroko. Niliubatiza jina: wali dona. Jina likashika. Hakuna mtu anayetaka kuitwa mla dona kwenye nchi ya mchele unaonukia kuliko marashi.

Mama mmoja wa Ndandalo alimuuliza mbele yetu sote kwenye foleni, "Mzee, mbona chako hukikoboi? Au mashine imekuchoka?"

"Mimi ndiye niliyechoka nayo."

"Lakini vyetu unakoboa."

"Mteja ananiletea mpunga, mama. Hajaniletea mwili wake."

Hilo jibu nilikaa nalo siku tatu. Mtu anakwambia kitu namna hiyo akiwa ameshika chakula chako, unalala?

Misemo yake yote ilikuwa hivyo, imekaa upande. Ukimsifia mtu kwamba mchele wake ni mweupe kweli, anasema, "Cheupe ni sanda." Ukila haraka mbele yake anakwambia anayekuharakisha kula ana haraka ya kurithi. Tambi alisema zisiive mpaka zikalegea, kwa sababu chakula kisichopigana na meno kitapigana na damu. Na sahani aliipanga kama anachora ramani: nusu majani ya maboga au mchicha, upande mmoja usipa, dagaa wetu wa ziwani, au maharage, upande uliobaki nafaka, isiyozidi ngumi yake iliyofumbwa. Ngumi moja! Huku Kyela ngumi moja ya wali ni ya kuonja chumvi.

Sasa huyo huyo, mwenye ngumi moja, nilimkuta siku moja nyuma ya banda la nguruwe amepasua tunda la kakao, ananyonya mbegu zake moja baada ya nyingine, macho ameyafumba, utamu unamchuruzika kidevuni. Aliponiona alitema mbegu kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Hukuniona," alisema.

"Sijakuona, babu."

Nikaongeza kwenye faili lake, lile la kichwani mwangu.

Faili lilikuwa limejaa kwa sababu ya chumba cha nyuma. Kilikuwa kimeegemea ukuta wa injini, dirisha limezibwa kwa gunia, mlango umefungwa kwa waya uliosokotwa mara saba. Mashine ikiwa inaunguruma, kulitoka harufu ya joto, ya kitu kama mkate ambao siyo mkate. Nikatoboa gunia kwa kalamu. Ndani kulikuwa na kamba zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba zimening'inia vitu virefu, vyembamba, vya kahawia, mamia. Nikasema leo nimemkamata. Ngozi za nyoka.

"Umeona nini?"

Alikuwa nyuma yangu. Gambuti zile zinazopiga kelele kanisa zima, siku hiyo hazikutoa hata kwap moja.

"Sijaona kitu, babu."

"Basi ingia uone, usije ukasema umeona kingi."

Ndiyo nikaingia. Zilikuwa tambi. Alizitengeneza mwenyewe kwa ngano ya milimani aliyoisaga na pumba zake humo humo, akachanganya na unga kidogo wa ulezi na yai, akakanda, akasukuma kwa chupa ya soda, akakata kwa wembe uliofungwa kwenye rula. Halafu akazianika pale kwa sababu ukuta wa injini una moto, na huku kwetu bila moto hakuna kinachokauka, hata chumvi inalia kwenye kopo. Alizichemsha kidogo, akakaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mawese, akatia usipa na majani ya maboga, akageuza.

"Onja."

"Nimeshiba."

"Hujashiba. Unaogopa."

Nilisema siogopi, nikaondoka bila kuonja. Nilikuwa naogopa. Kilichonitisha haikuwa tambi. Nilimuuliza amejifunza wapi, akasema kwa masista. Wiki moja nyuma alikuwa amemwambia mchungaji kwamba alifundishwa na dereva wa malori kutoka Malawi. Na Bibi alishawahi kumuuliza, akajibiwa kwamba aliota. Mtu mwenye ukweli mmoja ana haja gani ya hadithi tatu?

Nije kwenye kosa langu, maana mpaka hapa nimekuwa nacheka peke yangu.

Kulikuwa na msiba upande wa mtoni. Wasichana tulipewa kuchambua mchele kwenye ungo, na kazi hiyo bila maneno inachosha shingo. Basi mimi nikasema, "Mnajua kwa nini pumba zinabaki kwa yule mzee?"

"Za nguruwe."

"Nguruwe gani! Nguvu yote ya mpunga iko kwenye pumba. Sisi anatuachia mwili, roho anabaki nayo. Ndiyo maana ana miaka yote ile na hachoki. Anakula nyota za mpunga wenu. Na miguu ni kwato."

Wakacheka mpaka ungo mmoja ukamwagika. Mama mmoja mzee aliyekuwa anakoroga mboga hakucheka. Alikung'uta mwiko, akanitazama, akaendelea kukoroga. Yule ndiye redio iliyorusha matangazo.

Wiki haikuisha. Wanawake wakaanza kuja kwenye mashine na magunia mawili, la mchele na la pumba. Mzee wa Mashine akawa anawauliza mmoja mmoja, hana hasira, ana mshangao tu.

"Pumba za nini, mama?"

"Za kuku, Mzee."

"Kuku wangapi?"

"Watatu."

"Gunia zima?"

"Wanakula sana."

Barabara nzima ikawa ya watu waliobeba pumba vichwani bila kujua wanazipeleka wapi. Wengine walizichoma. Nguruwe wanne wakawa wawili, wawili wakawa mbavu. Mimi nilicheka siku mbili za mwanzo. Ya tatu nilipita nikaona anakusanya pumba zilizomwagika sakafuni kwa mkono, akipuliza vumbi, nikapita njia ya nyuma.

Na hapo ndipo Bibi akajikata kwa jembe. Kidonda kidogo tu, pembeni ya kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Bibi ana sukari, anameza vidonge vyake akikumbuka. Kidonda kilikataa kufunga. Pale zahanati nesi alimsafisha, akamfunga bandeji, akamwambia dawa peke yake haitatosha, apunguze huo wali mweupe wa asubuhi, mchana na jioni. Ale dona, ale mchele usiokobolewa sana, ulezi, majani kwa wingi.

Bibi akanyanyuka kitini. "Nesi, mimi nimeinama kwenye majaruba ya Kyela tangu hujazaliwa. Leo nizeeke nile pumba? Bora nile mbalaga."

"Ndizi nazo kwa kipimo, Bibi."

"Basi nipe kipimo cha hewa!"

Tukarudi, nikampikia wali mweupe, kwa sababu alisema nisipompikia atapika mwenyewe na kidonda chake.

Sijui nani alimwambia Mzee wa Mashine. Siku ya pili alituma bakuli lenye kifuniko, tambi za kahawia na usipa na majani, bado za moto. Nililipokea mimi mlangoni. Bibi akainua kifuniko, mvuke ukampiga, kwa sekunde moja niliona pua yake inakubali.

"Za nani hizi?"

"Za Mzee wa Mashine."

Akafunika. "Yule anayekula nyota za watu?"

Hapa ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu: Bibi, yale maneno ni yangu, niliyatunga kwenye ungo. Mdomo wangu wote ule, unaoweza kuwalaza watu chini kwa kucheka, ulitoa nini? Haukutoa kitu. Bibi alitoka akichechemea, akawamwagia kuku. Kuku walipigana. Mzee akatuma tena kesho yake, kuku wakala. Siku ya tatu bakuli lilirudi kwake likiwa safi kabisa, na nadhani aliamini Bibi ndiye anayekula, kwa sababu aliendelea. Kwa wiki tatu kuku wetu walikuwa na afya kuliko mtu yeyote wa nyumba ile.

Baadaye kidole kikabadilika rangi. Tulipanda bajaji hadi hospitali mjini. Daktari alikiminya, akamuuliza unasikia? Bibi akasema sisikii. Daktari akaniangalia mimi, siyo Bibi. Akasema kidole hicho ana wasiwasi nacho, na sukari isiposhuka mpaka kliniki ijayo, haitakuwa habari ya kidole, itakuwa ya mguu.

Njiani Bibi aliushika mguu ule kwa mikono miwili, kutoka mjini hadi Bujonde.

Bajaji ilimpeleka Bibi nyumbani, mimi nikashuka njiani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Alikuwa anakoboa, amefunikwa vumbi hadi kope.

"Nani amekutuma?" alipiga kelele juu ya injini.

"Hakuna!"

"Uongo. Wewe huji hapa bila kitu mdomoni. Toa."

Nikatoa. Ya kwato, ya nyota, ya pumba, ya kuku waliokula bakuli zake. Nilikuwa napiga kelele kwa sababu ya injini, halafu yeye akaizima katikati ya sentensi, na ile "ni mimi" ikatoka ndani ya kimya kama imepigwa kwenye spika ya kanisa. Wateja wawili waligeuka.

Nilisubiri kofi. Alijifuta uso kwa kofia.

"Kidole gani?" aliuliza.

"Cha mwisho. Kushoto."

Aliingia chumba cha nyuma. Nikasikia sufuria. Alitoka na bakuli lile lile, akawaambia wateja wasubiri, akatembea mbele yangu, kwap, kwap, jua la saa saba, watu wakitoka milangoni kwa sababu mashine haijawahi kuzimwa saa saba.

Bibi alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya kigoda. Mzee wa Mashine hakusalimu, na huku kwetu mtu asiyesalimu amekuja na moto. Alikaa chini mbele yake, akashika gambuti ya kulia, akaivuta. Kwanza zilitoka tambara, tambara nyingi, zilizokunjwa kuziba nafasi. Halafu mguu.

Ulikuwa mguu wa mtu. Ulikuwa na vidole viwili.

Bibi aliinama akautazama. "Nani amekukata?"

"Wali, dada yangu." Aliupapasa mguu kama anapapasa mpunga. "Nilikuwa nakula sahani tatu, mweupe kuliko wa mtu yeyote, si mashine ni yangu? Nikakobolewa mara mbili. Mara ya kwanza kimoja, mara ya pili viwili. Ya tatu sikuisubiri. Kitanda cha pili wodini alikuwepo mtu aliyewahi kuwa mpishi melini, hatujui kama tutatoka, basi akawa ananifundisha kupika kwa mdomo. Tambi hizi hakuwahi kuzionja."

Kumbe hadithi ya nne. Na hiyo sikuiweka kwenye faili.

"Mbona hukusema?" Bibi aliuliza. "Miaka yote, gambuti kanisani!"

"Ningesema? Mwenye mashine asiye na vidole? Wangesema mashine imenila, na nyama yangu iko kwenye mchele wao."

Bibi alicheka. Alicheka mpaka akashika kifua, naye akacheka, wazee wawili wanacheka juu ya mguu. Halafu Bibi akaacha ghafla, akanigeukia.

"Na wewe. Ulidhani sijui? Maneno ya kipumbavu namna ile kijiji hiki anayatunga nani mwingine? Nilikuwa nasubiri uyameze mwenyewe." Akasukuma bakuli. "Aliyesema ni uchawi, aonje kwanza."

Nilionja. Nilikuwa natafuta ubaya, nakiri, hata wakati ule. Tambi zilitafunika, zilijibu meno, zilikuwa na ladha ya ngano yenyewe, na usipa, na ule ukali mdogo wa mawese. Zilipungukiwa chumvi. Nikasema.

"Chumvi nayo tutaizungumza siku nyingine," alisema Mzee wa Mashine. "Leo umeonja, inatosha."

Bibi akala. Ngumi moja. Alipomaliza alisema, "Ndaga fijo," asante sana, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, na hakuomba wali.

Kidole kidogo hakikupona. Kilikatwa. Mguu ulibaki, nao ukanunuliwa gambuti, sukari ikashuka, na daktari akasema dawa na chakula vimefanya kazi pamoja, ila vilichelewa kuanza. Bibi alipotoka alinionyesha bandeji. "Hiki nimekupa wewe na mdomo wako. Kitunze." Alisema anatania. Na mimi najua kutania, kwa hiyo najua pale kulikuwa na kiasi gani cha utani.

Mzee wa Mashine aliuza mashine baada ya mavuno, akaenda Mbeya kwa binti yake. Siku ya kuondoka alinipa rula yenye wembe, akaniambia nisiishike nikiwa naongea.

Mashine sasa ina kijana, anakoboa mara tatu, mchele unatoka kama vipande vya kioo, na pumba watu wanamwachia bila neno. Juzi nilipeleka debe letu.

"Mara mbili au tatu?" aliuliza.

"Moja."

Injini ilikuwa inaunguruma, lakini nilisikia kabisa foleni nyuma yangu ikinyamaza. Sikugeuka. Nilijua wanatazama wapi. Ulikuwa mwezi wa kumi, jua kali, vumbi tupu, na nilikuwa nimevaa gambuti za Bibi.